Mkuki Usiofuliwa: Ushujaa wa Raia katika Masimulizi ya Vita, Meru

Mji mdogo wa Kiirua, katika Buuri, umekaa kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara. Juu yake kuna msitu. Chini yake nchi inakauka kidogo kidogo mpaka nyanda za Isiolo. Na magharibi, upande wa Timau, yalikuwako mashamba makubwa ya walowezi. Raia wa sehemu hizi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, aliishi baina ya serikali na msitu, na pande zote mbili zilikuwa na haja naye. Ni ajabu basi kwamba katika habari za vita vile yeye ndiye anayetajwa kwa uchache. Tunawajua Musa Mwariama na Baimungi wa Meru, na Kubukubu wa Embu. Mwanamke aliyepeleka chakula msituni hana jina.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo hautokani na mila ya usimulizi ya Wameru wenyewe. Masimulizi yao makuu, yale ambayo kila ukoo hujihesabia asili yake humo, si habari za vita hata kidogo. Ni habari za watu waliotekwa wakajiokoa bila kupigana.

Wazee husimulia kuwa Wameru walikaa Mbwaa, penye maji mengi, chini ya watu waitwao Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. (Wako wataalamu walioitafuta Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda karibu na Lamu, mjadala huo hatuuhitaji hapa.) Mabwana hao waliwapa mateka mitihani isiyowezekana, na adhabu ya kushindwa ilikuwa kifo. Walitakiwa kuleta kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wakakikata katika ngozi ile inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe. Walitakiwa kuleta mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za mnyama mdogo wa porini. Tunda likatumbukizwa katika shimo refu, nao wakaambiwa walitoe. Wakamimina maji mpaka likaelea juu. Masimulizi hutofautiana katika idadi na mpango wa mitihani, lakini mwenye akili anayeifumbua ni mmoja, Koomenjwe, na wa mwisho ni uleule: mkuki wa kufika mbinguni. Huo haukuwezekana kufuliwa. Usiku ule watu wakaondoka.

Nimekawia katika habari hii kwa makusudi. Mtihani pekee ambao mateka hawakuutimiza ni ule wa silaha, na jawabu lake lilikuwa safari: wazee, watoto na mifugo wakivuka maji, wengine gizani, wengine alfajiri, wengine mchana, na koo zikapata majina yao ya weusi, wekundu na weupe kwa saa waliyovukia. Msikilizaji mtoto hufundishwa hapo kwamba ujasiri ni wa umma mzima, na kwamba mara nyingi hufanana na hila. Jambo hili ni zito zaidi tukikumbuka kwamba Wameru walikuwa na rika la vijana wa vita, na kwamba uvamizi wa mifugo ulisifiwa sana. Walijua kusifu vita. Hata hivyo hawakuiweka vita kwenye chimbuko lao.

Tuzigeukie sasa siku za Hali ya Hatari. Juni 1954 serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya watu katika vijiji vyenye ulinzi, na hadi mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja wa wilaya za Wakikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Kando ya msitu lilichimbwa handaki refu lililosimikwa mianzi iliyochongwa, ili wapiganaji na chakula visikutane, na wachimbaji walikuwa hasa wanawake, maana waume wengi walikuwa vizuizini, msituni, au katika kikosi cha homgadi. Kafyu ilifuata, na baada ya kafyu njaa. John Blacker, mtaalamu wa idadi ya watu, alikadiria katika uchunguzi wake wa mwaka 2007 kuwa Hali ya Hatari iliwaua Waafrika wapatao 50,000, na kwamba karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Watoto hao hawakuwa na bunduki wala kiapo.

Haifai kumpamba raia huyu kwa rangi moja. Wapiganaji nao waliua: takwimu za serikali zilihesabu raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliokufa mikononi mwao. Mwanamke aliyeficha viazi chini ya kuni huenda alifanya hivyo kwa mapenzi, huenda kwa hofu, huenda kwa sababu aliyekuwa msituni ni mwanawe, na ndugu yake mwingine ni homgadi mlangoni. Hapo ndipo ugumu wa kusimulia ulipoanzia. Baada ya uhuru wa 1963 mjane wa homgadi na mama wa mpiganaji waliteka maji katika mto mmoja. Tena sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau haikufutwa mpaka mwaka 2003. Habari ya jenerali ilikuwa rahisi kusemwa hadharani, kwa kuwa jenerali hakumlazimu mtu kumtaja jirani.

Fasihi andishi ilifuata njia hiyo, ingawa si moja kwa moja. P. M. Kareithi alitoa Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969, riwaya ya Kiswahili juu ya vita hivyo. Katika The Trial of Dedan Kimathi (1976), ambayo Kiswahili inaijua kwa jina la Mzalendo Kimathi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo wamemweka Mwanamke mwenye bunduki ndani ya mkate. Yeye angeelewana na Koomenjwe mara moja. Lakini hata yeye jina lake ni Mwanamke tu, na tamthilia ina jina la Kimathi.

Jina lilipatikana kwa njia nyingine. Miongoni mwa wazee waliofikisha madai yao katika Mahakama Kuu mjini London alikuwamo Jane Muthoni Mara, aliyekamatwa na kuteswa alipokuwa msichana wa miaka 15 hivi. Kosa lake lilikuwa kuwapelekea wapiganaji chakula. Oktoba 2012 jaji aliruhusu kesi iendelee, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228.

Ushahidi wa mahakamani, hata hivyo, una kanuni zake. Hutaka tarehe, mahali, jeraha na aliyelitia. Hauna nafasi ya kuuliza chakula kilipikwa saa ngapi ili moshi usionekane, kilipitishwaje handakini, na nani aliona akanyamaza. Waliokuwa watoto siku zile, katika vijiji vya Meru na Embu, ndio waliobaki, nao ni wazee sana. Mkusanyaji wa fasihi simulizi akifika kwao aanze na habari za Mbwaa, kisha aulize habari za handaki.