Mistari Iliyochorwa Mchangani

Mwaka 1948, mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula alifika katika chuo cha Drexel, Philadelphia, Marekani, akiwa na ombi moja. Alitaka wataalamu wabuni njia ya kusoma bidhaa kwa mashine mteja anapolipa, badala ya keshia kugonga bei moja baada ya nyingine. Mkuu wa kitivo alikataa. Lakini mwanafunzi mmoja, Bernard Silver, aliyasikia mazungumzo yale na kwenda kumsimulia rafiki yake, Norman Joseph Woodland.

Walianza kwa wino unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Wino ule ulikuwa ghali, na baada ya muda ulififia. Woodland hakuliacha wazo. Alihamia kwa babu yake Miami Beach, Florida, na siku moja ya majira ya baridi, akiwa ameketi ufukweni, akazikumbuka alama za Morse, yaani nukta na vistari vya kupeleka ujumbe, alizojifunza alipokuwa skauti. Alichomeka vidole vinne mchangani, kisha akavivuta kuelekea kwake. Ikabaki mistari minne. Hapo akaona kwamba nukta na vistari hivyo vinaweza kurefushwa vikawa mistari myembamba na minene, na mashine ikaisoma kwa mwanga.

Waliomba hataza Oktoba 1949, wakaipata Oktoba 1952. Katika mchoro wao, mistari ilikunjwa ikawa duara ndani ya duara, mithili ya shabaha, ili isomeke kutoka upande wowote. Tatizo likawa mashine: ya majaribio ilikuwa kubwa kama meza, na taa yake ya wati 500 iliunguza karatasi. Leza haikuwepo bado, na kompyuta ndogo ya bei nafuu haikuwepo pia. Mwaka 1962 hataza iliuzwa kwa dola 15,000 tu. Silver akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 38, bila kuona hata duka moja likitumia wazo lake. Kwangu, hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii.

Aliyeleta umbo la mistari ya bidhaa tunalolijua leo ni George Laurer, mhandisi wa IBM, kampuni ambayo Woodland naye alikuwa akiifanyia kazi. Laurer aliona kasoro ya duara: mtambo wa kuchapa ukipaka wino kidogo upande mmoja, mistari huungana na haisomeki. Akainyoosha. Mistari iliyonyooka ikichapwa kufuata urefu wake, wino ukivutika huirefusha tu, na upana wake, ambao ndio wenye habari, haubadiliki. Wenye viwanda na maduka waliukubali mfumo huo tarehe 3 Aprili 1973. Juni 26, 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya jojo aina ya Juicy Fruit ilipitishwa juu ya leza, na bei ikatokea: senti 67. Ulaya ilifuata mwaka 1977 kwa namba ya tarakimu 13, ambayo ndiyo tunayoiona kwenye bidhaa nyingi za Afrika Mashariki.

Tarakimu ya 13 ina kazi yake. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5 hadi 11. Kisha jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6 hadi 12 na uzidishe mara 3. Unganisha jumla hizo mbili, ongeza ile ya mwisho, na jibu lazima ligawanyike kwa 10. Ndiyo maana keshia akikosea tarakimu moja anapoandika namba kwa mkono, mashine hukataa.

Wengi hudhani bei imo ndani ya mistari. Kwa kawaida haimo. Mistari hubeba namba tu. Bei hukaa kwenye kompyuta ya duka, na mwenye duka akiibadilisha huko, bidhaa rafuni haiguswi. Mzigo wa abiria uwanja wa ndege hufuatwa kwa namna hiyohiyo: mistari ya kwenye lebo ni namba ya tarakimu 10, na jina la mwenye begi na safari yake yamo kwenye kompyuta. Uvumi kwamba mistari hiyo huficha 666, namba ya mnyama katika Biblia, nao hauna msingi. Jozi za mistari mirefu mwanzoni, katikati na mwishoni zinafanana na alama ya 6, lakini ni mipaka ya kuiongoza mashine, na Laurer mwenyewe alikanusha uvumi huo.

Kosa linalotuumiza zaidi ni kuzisoma tarakimu tatu za mwanzo kama cheti cha asili ya bidhaa. Kweli, 616 ni ya Kenya na 620 ni ya Tanzania, lakini huonyesha tu ofisi ya nchi gani ilitoa namba. Kabla Tanzania haijawa na ofisi yake, wazalishaji wake waliomba namba Kenya na Afrika Kusini, na bidhaa yao ikahesabiwa na wanunuzi kuwa ya wageni. Namba za vitabu vya Kiswahili nazo huanza kwa 978, kama za vitabu vya London. Basi, ndugu msomaji, ukitaka kumuunga mkono mkulima na mwenye kiwanda wa kwetu, usihukumu kwa mistari. Geuza pakiti, utafute maneno yanayosema imetengenezwa wapi, na uyasome kabla hujalipa.