Kontena: Sanduku la Chuma Linalobeba Mahitaji ya Unguja

Wakaazi wa kisiwa cha Unguja hutegemea bahari kwa sehemu kubwa ya mahitaji yao. Mchele, unga wa ngano, sukari, vifaa vya ujenzi, samani na vifaa vya umeme huletwa kwa meli, na kwa miaka mingi lango kuu la shehena hizo limekuwa Bandari ya Malindi iliyopo Mji Mkongwe. Sehemu kubwa ya bidhaa za dukani huwasili zikiwa ndani ya makontena. Kwa sababu hiyo, muda ambao kontena hutumia bandarini huigusa bei ya bidhaa katika kila nyumba.

Kontena ni nini

Kontena ni sanduku la chuma lililotengenezwa kwa vipimo vinavyokubalika duniani kote. Yanayotumika zaidi ni ya futi 20 na futi 40. Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa takriban mita 6.1, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, na uwezo wa bandari na meli hupimwa kwa idadi ya makontena ya kipimo hicho. Uzito wake hubebwa na nguzo nne za pembeni, ndiyo maana makontena huweza kupangwa moja juu ya jingine. Matundu yaliyopo kwenye pembe hutumika kulinyanyua kwa winchi na kulifunga melini au juu ya lori.

Kila kontena lina utambulisho wake wa herufi nne na tarakimu saba. Mlango wake hufungwa kwa lakiri yenye namba, na lakiri iliyokatwa ni ishara kwamba mzigo huenda umeguswa njiani.

Kutoka gunia hadi kontena

Kabla ya mfumo huu, kila gunia na kila kasha lilishushwa kwa nguvu za mahamali, na meli ilikaa gatini kwa siku nyingi. Mabadiliko yalianza tarehe 26 Aprili, 1956, pale mfanyabiashara wa Marekani, Malcom McLean, alipopakia makontena 58 katika meli Ideal X iliyosafiri kutoka Newark hadi Houston. Tangu hapo, mzigo huweza kupakiwa ghalani kwa muuzaji na kufunguliwa ghalani kwa mnunuzi, bila kuguswa katikati ya safari.

Hali ya Malindi

Faida hiyo hutegemea jambo moja: nafasi. Kontena lililoshushwa huhitaji eneo la kuwekwa, na mashine huhitaji njia ya kupita. Bandari ya Malindi imebanwa na bahari upande mmoja na Mji Mkongwe upande mwingine, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Eneo hilo pia huhudumia abiria wa boti za Dar es Salaam na Pemba. Uwanja unapojaa, upakuaji hupungua kasi na meli nyingine hulazimika kutia nanga nje zikisubiri zamu. Gharama za kusubiri huko mara nyingi humfikia mlaji.

Katika kuongeza ufanisi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikabidhi uendeshaji wa shughuli za mizigo za bandari hiyo kwa kampuni ya Zanzibar Multipurpose Terminal, kampuni tanzu ya Africa Global Logistics, iliyoanza kazi Septemba 2023. Shirika la Bandari Zanzibar limebaki kuwa msimamizi wa bandari kwa niaba ya Serikali.

Wajibu wa mwenye mzigo

Mwenye mzigo naye ana nafasi yake. Nyaraka zinapokamilishwa kabla ya meli kufika, kontena hutoka mapema. Linapopitisha siku zilizoruhusiwa, hutozwa malipo ya uhifadhi bandarini, na kampuni ya meli hudai malipo ya kuchelewesha kontena lake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu pia mizigo isiyotolewa kwa wakati kupelekwa ghala la forodha na hatimaye kunadiwa.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa wanaochangia kontena moja, utaratibu uliozoeleka kwa wanaotuma bidhaa kutoka Dubai na Oman. Mzigo wa mtu mmoja usiotajwa katika nyaraka huweza kusababisha kontena zima kuzuiwa kwa uchunguzi, na wenzake wote wakasubiri.

Kwa wanaosafirisha nje bidhaa kama mwani mkavu, kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2016 zinataka uzito wa kontena lenye mzigo uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini, kwa usalama wa meli na mabaharia.

Hatua ya baadaye

Ufumbuzi wa kudumu uliopangwa na Serikali ni ujenzi wa bandari jumuishi ya Mangapwani, Mkoa wa Kaskazini Unguja, mbali na msongamano wa Mji Mkongwe. Hadi bandari hiyo itakapokamilika, kila kontena linalotolewa Malindi kwa wakati huacha nafasi kwa jingine linalosubiri baharini.