Rekodi ya Dunia Iliyowekwa Forest Road

Juzi kwa kinyozi hapa Umoja tulibishana: nani ndiye mwanaspoti wa Kenya aliyesahaulika zaidi? Wasee wakataja mabondia, wakataja magolikipa wa zamani. Mimi nikasema Kennedy Otieno. Kimya. Mmoja akauliza, "Huyo alichezea Gor ama Ingwe?"

Hakuchezea yeyote. Otieno, ambaye pia alijulikana kama Kennedy Obuya, alikuwa anafungua upigaji wa timu ya kriketi ya Kenya. Hiyo kazi haina asante. Unaingia mpira ukiwa mpya na mgumu, warushaji hawajachoka, ukikosea mara moja umetoka. Ukivumilia, wanaokuja nyuma yako ndio wanang'ara.

Sasa sikia. Oktoba 10, 1997, Nairobi Gymkhana, pale Forest Road, mathree mbili tu kutoka kwetu. Otieno anaingia na Dipak Chudasama, daktari wa meno. Otieno na Chudasama: majina ambayo Nairobi hii huyapati kwenye ploti moja. Wakapiga mikimbio 225 kabla Bangladesh wapate wiketi ya kwanza. Otieno 144, daktari 122. Duniani kote, kwa mechi za kimataifa za siku moja, hakuna wafunguzi waliokuwa wamefika hapo. Rekodi ya dunia, maze, na iliwekwa hapa hapa! Tulifikisha 347, tukashinda kwa 150. Mwaka uliofuata Tendulkar na Ganguly wakaivunja.

Na haikuwa bahati. Kwenye Kombe la Dunia la 1996 aliwapiga Australia 85, McGrath na Warne wakirusha. Siku chache baadaye tukawaangusha West Indies kule Pune, na hiyo ndiyo mechi wazee wanakumbuka. 2003 tulipowashinda Sri Lanka, tena Gymkhana, alipata 60, lakini sifa zilienda kwa mdogo wake Collins, aliyechukua wiketi 5. Hata kwao alifunikwa.

Kinachoniuma ni Bangladesh. Mwaka 2000 walikubaliwa kucheza mechi za siku tano. Sisi tulifika nusu fainali 2003, halafu tukaanza kuvutana na viongozi wetu wenyewe, na 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za siku moja. Ndiyo maana 225 bado ni rekodi ya wafunguzi wa Kenya. Mechi za kuivunja hatuna.

Yule msee wa Gor aliuliza kama kuna video. Mimi sijaipata. Mwenye nayo, hata ile ya kaseti, anitumie.