Hifadhi ya Stephen Foster

Stephen Foster Folk Culture Center State Park ni hifadhi ya jimbo la Florida, Marekani, iliyopo ukingoni mwa mto Suwannee katika mji mdogo wa White Springs, kaskazini mwa jimbo hilo. Ilifunguliwa mwaka 1950 kumuenzi mtunzi wa nyimbo Stephen Collins Foster. Isichanganywe na Stephen C. Foster State Park ya jimbo jirani la Georgia, iliyo ndani ya kinamasi cha Okefenokee, ambako mto huohuo unaanzia kabla ya kuteremka hadi Ghuba ya Meksiko. Maji ya Suwannee ni meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya tanini itokayo kwenye majani na mizizi ya kinamasi hicho.

Foster hakuwa mtu wa Florida, na mto huu hakuwahi kuuona. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1826 huko Lawrenceville, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Pittsburgh, Pennsylvania. Mwaka 1851, alipokuwa akitunga "Old Folks at Home", alitafuta jina la mto wa kusini litakaloingia katika mizani ya wimbo. Kaka yake Morrison alisimulia baadaye kwamba alimtajia Yazoo, akalikataa. Pee Dee, mto wa Carolina, uliingia kwenye rasimu lakini nao haukumridhisha. Ndipo walipofungua atlasi, na kidole kikatua juu ya Suwannee. Foster alipunguza silabi moja, akaandika Swanee, na mto ambao wachache waliujua nje ya eneo lake ukaanza kuimbwa Marekani nzima na ng'ambo.

Sifa za wimbo huo hazikumfikia mwenyewe upesi. Kwa makubaliano ya fedha, nakala za kwanza zilichapishwa kwa jina la E. P. Christy, kiongozi wa kundi la Christy's Minstrels. Mwaka 1852 Foster alimwandikia akiomba jina lake lirudishwe, lakini hakukubaliwa. Alifariki New York tarehe 13 Januari 1864 akiwa na umri wa miaka 37, na katika pochi yake zilikutwa senti 38.

Kundi la Christy lilikuwa la wazungu waliojipaka weusi usoni na kuwaigiza Watu Weusi ili hadhira icheke, na wimbo huu uliandikwa kwa ajili yao. Anayeimba humo ni mtu mweusi anayelilia shamba la watumwa alikokulia. Uzuri wa sauti ya wimbo hauwezi kuficha jambo hilo, na maelezo yoyote ya hifadhi hii yanayolikwepa yana kasoro. Hata hivyo Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, alisema mwaka 1855 kwamba nyimbo za aina hii, "My Old Kentucky Home" ya Foster ikiwamo, zaweza kuamsha huruma kwa watumwa. Florida iliufanya "Old Folks at Home" wimbo wa jimbo mwaka 1935. Mwaka 2008 maneno yake ya kudhalilisha yalibadilishwa, na wimbo mwingine ukateuliwa kuwa wimbo rasmi wa heshima (anthem) wa jimbo.

Wazo la ukumbusho lilitoka kwa Josiah K. Lilly, mwenye kiwanda cha dawa huko Indianapolis aliyekusanya kwa bidii kubwa kila kilichomhusu Foster. Vilabu vya muziki vya Florida vililibeba hadi likatimia. Jengo la makumbusho limejengwa kwa mtindo wa nyumba za mabwana wa mashamba ya kusini. Ndani mna piano za kale na masanduku ya vioo yenye sanamu ndogo zinazosogea, kila sanduku likionyesha wimbo mmoja.

Mnara wa kengele una urefu wa takribani mita 61. Ulikamilika mwaka 1958, na kengele zake 97 zilitengenezwa na kampuni ya J. C. Deagan ya Chicago. Hazina umbo la kengele za kanisani: ni mirija mirefu ya metali iliyoning'inizwa, na kila mmoja hugongwa na nyundo yake.

Uhai wa hifadhi, hata hivyo, uko zaidi kwenye Florida Folk Festival. Tamasha hili lilianza mwaka 1953 na kwa desturi hufanyika mwishoni mwa Mei. Kwa miaka mingi liliongozwa na Thelma Boltin, aliyetambulika kwa vazi lake la kizamani jukwaani. Hapo hukutana wapiga fidla na banjo, waimbaji wa injili, wasimulizi wa hadithi na wapishi wa jamii mbalimbali za Florida. Nje ya msimu wa tamasha, mafundi hufundisha uhunzi, ufinyanzi na ushonaji wa mablanketi ya viraka katika vibanda vyao, na njia ya miguu ya Florida Trail hupita ndani ya hifadhi ikifuata ukingo wa mto.