Nani Atasafisha Njia ya Angani?

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi. Kwa bahati njema, hakuna aliyeumia.

Sheria ya ajali kama hiyo ipo, tena ni kali. Kwa Mkataba wa Dhima wa 1972, chombo kikileta madhara ardhini, nchi iliyokirusha hulipa fidia hata kama haikuzembea. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia, iliposambaratika juu ya Kanada mwaka 1978, Moscow hatimaye ilikubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Huko juu, mkataba huohuo hulegea: anayedai sharti athibitishe uzembe. Februari 10, 2009, Kosmos 2251, setilaiti mfu ya Urusi, iligongana na Iridium 33 ya Marekani iliyokuwa ingali kazini, kilomita 790 hivi juu ya Siberia. Vipande zaidi ya 2,000 vikatapakaa. Mzembe ni nani: aliyeacha mzoga ukizunguka, au aliyeweza kuukwepa asiukwepe? Hakuna dai lililowasilishwa chini ya mkataba. Vipande vinavyobaki kwenye kimo hicho huweza kuzunguka kwa miongo mingi, na kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hata kipande kidogo hutoboa chombo. Donald Kessler na Burton Cour-Palais walionya tangu 1978 kwamba mgongano huzaa vipande, navyo vipande huzaa migongano mingine.

Kila safari ya Mwezini au Mirihi lazima ipite katikati ya vipande kama hivyo, navyo tayari vinawatishia wanaanga. Novemba 15, 2021, Urusi ilipoilipua kwa kombora setilaiti yake yenyewe, Kosmos 1408, wanaanga saba wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu walilazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani.

Mbinu za kusafisha zinapatikana. Mwaka 2018 chombo RemoveDEBRIS kilinasa shabaha kwa wavu. Kikwazo ni cha kisheria. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 huacha kila chombo mikononi mwa nchi iliyokisajili, hata kikifa, hivyo wengine hawaruhusiwi kukiondoa bila idhini yake.

Kwa hiyo natetea mabadiliko mawili. Mwenye chombo mfu ahesabiwe kuwa mzembe mpaka athibitishe vinginevyo, na kila mrushaji aweke dhamana ya fedha atakayorudishiwa chombo chake kikishateremshwa. Wapo watakaosema masharti haya yatazibana nchi zinazoanza, kama Kenya iliyorusha Taifa-1 mwaka 2023. Hofu hiyo ina msingi, ila dhamana ikipimwa kwa uzito, mzigo mkubwa utawaangukia wenye mizoga mizito. Kenya na Rwanda zina viti katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, inayokutana Vienna. Zilifikishe pendekezo hili huko kwa pamoja.