Kobe wa Padri White na usingizi wa baridi

Najua wengine watacheka: agronome anaacha mihogo, anafuata kobe wa Uingereza! Muningojee kidogo.

Karibu na mwaka 1740, baharia mmoja aliuza kobe kule Chichester. Kobe akaishi miaka makumi ine katika bustani ya shangazi wa Gilbert White, padri wa Kianglikana wa kijiji cha Selborne. Walimwita Timothy. Asili yake ni inchi za bahari ya Mediterania. Kobe hana moto wa ndani kama sisi: joto lake linatoka inje. Baridi kali ikiingia, tumbo halisagi tena chakula. Njo maana analala.

White alimwangalia na kuandika. Tarehe 1 Novemba 1771 kobe alianza kuchimba shimo lake, polepole kabisa: miguu ya mbele inakwangua, ya nyuma inatupa udongo. Mwezi wa tatu 1780, shangazi akiisha kufa, White alimchimbua, akamsafirisha kilometa karibu 130 katika sanduku la udongo. Mitikisiko ilimwamusha. Alitembea katika bustani mara mbili, lakini jioni baridi ikarudi, naye akajizika tena. White hakumzuia. Alizoea pia kumpima kwa mizani. White alikufa 1793, kobe akamfuata 1794. Kisha kufa njo ilijulikana: kumbe Timothy alikuwa jike! Gamba lake liko katika makumbusho ya London.

Karne ya 20, Waingereza walinunua kobe kwa maelfu na maelfu. Wengi walifungiwa katika sanduku la majani makavu bila kupimwa, na wengi hawakuamka. Sababu zinajulikana: chakula kikibaki tumboni, kinaoza. Chini ya digri 0, macho yanaganda, kobe anakuwa kipofu. Juu ya digri 10, anaamka nusu, anamaliza mafuta ya mwili bila kula. Karibu na 1980, munganga wa wanyama Jackson alilinganisha uzito na urefu wa gamba, ili mutu ajue kobe gani ana nguvu ya kulala. Mwaka 1984 Ulaya ikafunga biashara ile.

Leo wanafanya hivi: mbele ya kulala, kobe mwenye afya anakaa juma 2 hadi 4 bila chakula, lakini maji anapewa na kuogeshwa. Kisha wanamuweka katika frigo yake, digri 5 hivi. Wanafungua mulango ili hewa iingie, na wanampima kila juma. Aliye mgonjwa au mwembamba halazwi. Anakaa katika joto na anakula.

Sasa mihogo yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipoteza mbegu ya viazi, gunia sita, kwa sababu nilifuata kalenda na sikuingia katika depo na termometa. Lisansi nilikuwa nayo. Daftari sikuwa nayo. Mama mwenye shamba hakunigombeza, alinyamaza tu. Ile kimya ningali naisikia.

Kobe wetu wa pori hawajui baridi ile, basi musiwaweke katika frigo! Lakini mizani na daftari, hizo ni zetu pia.