Chimbuko la Vitawe vya Asili ya Kiarabu

Mtahiniwa akiagizwa kutunga sentensi kubainisha maana mbili za 'sura', aghalabu hudhani hilo ni neno moja lililopanuka maana. Historia yaonyesha kwamba ni maneno mawili yaliyokutana.

Kiarabu kina herufi sini na swadi. Sura ya Kurani huandikwa kwa sini, ilhali sura kwa maana ya umbo huandikwa kwa swadi. Waswahili walipoyapokea maneno haya waliyatamka kwa /s/ moja. Vivyo hivyo 'ila': lenye maana ya dosari lilianza kwa aini, na lenye maana ya isipokuwa kwa hamza. Mtunzi wa tenzi aliyejua Kiarabu aliweza kuyatenga kwa hati ya Kiarabu. Hati ya Kilatini, iliyoenezwa na wamishenari na kusanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, haikuacha alama yoyote ya tofauti hiyo.

Hata hivyo, hati hii haikuleta hasara tupu. 'Dini' na 'deni' yana herufi zile zile katika Kiarabu: dali, ye na nuni. Bila irabu, msomaji alitegemea muktadha. Kilatini huyatenganisha waziwazi.

Hali hii si yetu pekee. Wakorea walikopa maneno mengi ya Kichina. Kwa alfabeti yao ya Hangul, iliyotangazwa 1446, 'sudo' (mji mkuu) na 'sudo' (mfumo wa maji) huandikwa sawa, ingawa kwa herufi za Kichina yanatofautiana.

Je, haya yanatuhusu vipi Nyeri, Karatina na Kerugoya? Tazama vitate 'kalamu' na 'karamu', vyote vya asili ya Kiarabu. Kiarabu kilivitofautisha kwa kafu mbili, nzito na nyepesi, na pia kwa /l/ na /r/. Kiswahili kikabakiza tofauti ya pili tu. Gĩkũyũ hakina /l/, hivyo mwanafunzi wetu huiondoa hata hiyo, na vitate vikageuka vitawe kinywani mwake. Ndivyo 'sura' ilivyozaliwa. Ila 'sura' imekubaliwa na jamii nzima, na 'karamu' ya kuandikia itakukosesha alama.

Basi, mwalimu, fundisha kitawe kama maneno mawili yenye historia mbili. Nawe mtahiniwa, jaribu hii: Kila binadamu ana ila, ila mwenye busara hujirekebisha.